Jiwe la Mlangoni pa Mama Wivine: Kumkumbuka Assumani Kubuya

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwenye kutoa pumzi na mwenye kuirejesha Kwake.

Mwaka umetimia, mwanetu Assumani, tangu ulipoiacha dunia katika mteremko wa Bihambwe. Tunaokusemesha ni baba yako Yakubu, mama yako Riziki, mkeo Zaina, mdogo wako Idi, na binti yako Aziza, ambaye sasa anasoma Fatiha bila kusaidiwa.

Ulikuwa ukijiandaa kwa safari ya baisikeli hadi Walikale na kurudi, wewe na Idi na wenzenu Gustave na Mbusa. Wafanyabiashara walikuwa wameahidi bati moja kwa kila kijiji mtakachofika, ili Mama Wivine, aliyekimbia vita Mweso, apate nyumba. Alikuwa akilala na wanawe chini ya turubai.

Ili kuizoesha miguu, kila asubuhi ulipakia jiwe la mtoni kwenye baisikeli, ukalipandisha mlima hadi kiwanjani pake. Hivyo mazoezi yako yakawa msingi wa nyumba. Zaina alikutania: "Baba Aziza, watu wanasema umeoa kinga, hii baisikeli yako." Nawe ukamjibu: "Kinga haiombake sukari ya chai."

Chuo cha Kurani kilikufundisha kuandika kwa mkono wa kulia, ukatii. Kufunga mizigo, hapana. Ulikaza mpira wa tairi kuukuu kwa mkono wa kushoto, fundo likageukia upande ambao fundo la mtu mwingine haligeukii.

Asubuhi ile risasi zilisikika mteremkoni. Tulikukuta kando ya barabara, na baisikeli imesimama wima kana kwamba mtu ameishika. Jiwe halikuwapo, wala mpira wa kulifungia. Tulitafuta mpaka kwenye majani ya bondeni.

Baada ya arobaini, wenzako walisema safari isife, maana mvua zilikaribia na bila safari mabati yasingetoka. Wakaenda watatu. Mbele ya Masisi, penye ukungu, askari wa kizuizi cha barabarani alipokea karatasi zao, akabaki amenyoosha mkono.

"Na ule wa nyuma? Ule mwenye jiwe. Naye alete karatasi yake."

"Shefu, tuko batatu tu," alisema Gustave.

"Munanichezea? Si ule pale, anatungoja!"

Idi aligeuka. Barabara ilikuwa tupu. Lakini atuapia kwamba alisikia mlio mdogo wa gurudumu linalozunguka lenyewe, kisha likanyamaza, kama mtu aliyeweka mguu chini. Askari naye alitazama tena. Akashusha sauti.

"Mupite. Mupite haraka."

Walifika Walikale, wakarudi salama, na ahadi zote zikatimizwa. Asubuhi ya kuezeka, mafundi walikuta jiwe mahali pa mlango. Lilikuwa limelowa maji ya mto, ilhali usiku mvua haikunyesha. Lilizungushiwa mpira wa tairi, na fundo lilikuwa la mkono wa kushoto.

Mama yako aliligusa, akakaa chini. Fundi akatoa kisu aukate mpira. Mama Wivine akamzuia.

"Uache vile, Papa. Mwenye alifunga, yeye njo atafungua."

Basi jiwe limelazwa pale pale, fundo likiwa zima, na kila aingiaye hulivuka kwa kutoa salamu. Sisi hatusemi ni wewe, mwanetu, wala hatuthubutu kusema si wewe. Mambo ya ghaibu ni ya Mungu. Tunalolijua ni kwamba ulikuwa mpole kwa mgeni, mwepesi wa kucheka, na hukuacha mzigo wa mtu katikati ya njia.

Kukusahau hatutaweza, maadamu mlango ule unafunguliwa. Lala kwa amani, nasi tunawaombea walio hai:

Rabi, heri wajalie,
paa lisiwavujie,
vita visiwafikie,
waliobaki nyumbani.

Amina.