Mpwa Wako Hatakuja Ghalani

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama vizuri, na kile kikohozi kimekwisha. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Nisalimie wote, hata yule mtundu aliyenifichia kiatu nilipokuja kwenu. Sisi huku tunapumua. Mimi magoti yananisumbua asubuhi, yakishapata moto yananyamaza. Mpwa wako mzima, anakula, na anakusalimu sana.

Najua una hasira. Ulihangaika kumwombea mtoto kazi pale ghalani, ukaenda stendi kumpokea, basi likashusha watu wote yeye hayumo. Usimlaumu. Nilaumu mimi, lakini nisikilize kwanza.

Wewe ndiye uliyemnunulia glavu za kwanza, kwa hiyo ndoto ile ya ngumi ilikuwa yako pia. Enzi zile akipita mtaani watoto wanaita Nyundo, Nyundo, nami najitia sisikii, kumbe natembea kwa madaha. Halafu likaja pambano lile, kijana mwenzake akaanguka kwa ngumi yake, akafia hospitali. Kila mtu alimwambia ni ajali, mchezo ndivyo ulivyo, na yeye akawaitikia wote ndiyo, ndiyo. Kisha akavua glavu, akakaa ndani anatazama ukuta. Siku alipotoka nilifurahi, nikasema jua litamchangamsha. Kumbe amekwenda kuomba kazi mochwari, hospitali ile ile.

Hapo mtaa ukatugeuka. Unajua mimi naishi kwa kufua nguo za watu. Mmoja akasema sasa atafua mwenyewe apate mazoezi. Wa pili akasema amenunua mashine, nami najua kwake hata umeme hana. Wa tatu hakujisumbua kutunga uongo, akanieleza wazi kwamba hawezi kuvaa shati lililoanikwa kamba moja na la mwosha maiti. Bombani wanasogeza ndoo zao mbali na yangu kama yangu ina upele. Hayo ningeyameza. Lililonikaba ni mtoto. Akichelewa kidogo natoka kumtazama njiani. Niliona anajizika mwenyewe, taratibu, akiwa hai. Ndiyo maana nilikulilia umtafutie kazi nyingine.

Siku ya safari aliniambia anapita kazini kuaga. Nikangoja, mchana ukaingia, nikabeba begi lake nikamfuata. Mlinzi akaniuliza nimefuata marehemu gani. Nikamwambia wangu ni mzima. Akasema basi mama nina bahati, maana wateja wao hawaji kwa miguu. Mungu anisamehe, nilicheka.

Nikakaa kwenye benchi la korido. Mlango wenyewe haufungi vizuri, harufu ya dawa inatoka pamoja na maneno. Nikamsikia mpwa wako anazungumza. Nikasema jamani, akili imeruka. Alikuwa anamwomba mtu radhi kwamba maji ya leo ni baridi, mzee amvumilie. Akamwomba mzee ampe bega la pili. Akamwambia haya, tumemaliza, pumzika. Mwingine akamwita shangazi. Hakuna aliyemjibu, bila shaka, lakini alikuwa anangoja kidogo kama mtu anayejibiwa.

Mara akaingia mama mmoja fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Binti yake alikuwa amegongwa na lori asubuhi ile. Akasimama mlangoni akasema hakuna mwanamume atakayemvua mwanawe nguo, labda wamuue na yeye. Na mwosha wa kike alikuwa ameshaacha kazi. Mpwa wako akatoka, akaniona, akaliona na begi. Aliniomba tu nimsaidie kumwosha binti yule. Nikamwambia mimi mfua nguo, najua nini. Akasema yeye mpiga ngumi, naye alijua nini.

Mdogo wangu, niliingia. Msichana alikuwa amesuka, nywele zimejaa mchanga na vipande vya kioo. Mpwa wako alisimama nje ametupa mgongo, ananielekeza: nishike shingo, nisivute kidole kilichokakamaa, nikikande. Nilimwita yule binti mwanangu. Nikafumua msuko mmoja mmoja, nikaosha, nikasuka tena mistari minne, maana ndiyo niijuayo. Mama yake alipoingia alimtazama sana. Hakunishukuru. Alisema huyu ndiye, huyu ndiye mwanangu, kama mtu aliyekuwa ameambiwa si yeye.

Baadaye pale benchini mpwa wako akanieleza lililomfikisha kwenye kazi ile. Kesho yake baada ya kijana yule kufa, alikwenda mochwari kumwomba radhi. Akamkuta sakafuni, hana hata shuka, nafasi zimejaa. Akavua koti lake akamfunika. Akaniambia alidhani dunia yake ni ulingo, na ulingo umekwisha, lakini watu wa kufunikwa hawakomi kuletwa. Nikamuuliza kama anajiadhibu. Akasema angetaka kujiadhibu angebaki nyumbani kutazama ukuta. Kisha akasema nikimwambia aende atakwenda, basi bado lipo. Begi nilikuwa nimelishika mimi. Nikalirudisha nyumbani.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu, na usimsomee wifi yangu kwa sauti kabla hujamwandaa. Tangu siku ile, akiletwa mwanamke wananiita mimi, nami nakwenda. Wamenipa buti za mpira na aproni. Siku nyingine chakula hakipiti. Juzi aliletwa mdogo sana, hilo sitakuandikia. Sikuwahi kuiota kazi hii, na nadhani hakuna mtoto anayeota hivyo. Lakini nikikaa nyumbani najiuliza nani anawashika, na anawashikaje. Wateja wa nguo wamebaki wawili. Wakijua, nao watapata mazoezi.

Nafasi ya ghalani mpe mwingine, shida ni nyingi. Wewe ukipata likizo uje. Nitaelewa ukishindwa kula nilichopika, na nitaelewa ukilala kwa rafiki. Ila mtoto akikunyooshea mkono mlangoni, mjomba wake, upokee. Mbele yangu, upokee.

Mungu awalinde nyote, na kikohozi kikizidi nenda kwa daktari, usijifanye jabali.

Ni mimi, dada yako.