Bakteria Wasio na Polimerasi ya Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Wameota! Sahani nzima! Nimewanyang'anya bakteria wangu polimerasi ya kwanza, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyonakili DNA, na bado wamezaana. Nimerukaruka maabara peke yangu kama kichaa.

Msimamizi wa mradi wangu — bingwa wa udongo huyo, si wa bakteria — katupa jicho mara moja tu. Uchafu, kasema. Bila ya kwanza hakuna kunakili. Hao ni bakteria wa kawaida, wameingia kwa uzembe wako. Tupa, na uandike hivyo kwenye ripoti. La sivyo hasaini, na mwaka narudia.

Kutupa? Ng'o!

Jumanne, 5 Machi

Mama: kubali yaishe, mwanangu, mkubwa habishiwi. Thubutu! Nimemweleza: inaitwa ya kwanza kwa sababu iligunduliwa kwanza, si kwamba ndiyo bosi. Kazi kubwa ya kunakili inafanywa na ya tatu. Ya kwanza inapita nyuma, inaondoa vipande vya kuanzishia, inaziba mapengo, inakarabati. Isipokuwepo, wenzake wanajikongoja hivyo hivyo. Kaka ndiye kifungua mimba hapa nyumbani, nikasema, lakini anayepika nani?

Mama kacheka hadi kakohoa. Kaka kanuna.

Alhamisi, 7 Machi

Ukarabati! Mbona sikuwaza mapema? Wasio na ya kwanza hawaiwezi taa ya UV: miale yake ikiiharibu DNA, fundi hayupo. Nimeandaa sahani mbili, ya wangu na ya wa kawaida. Kila moja nusu nimeifunika kwa foili, nusu wazi. Taa kidogo tu. Wakiwa uchafu kweli, watapona kama wenzao. Wakifa, ni wangu.

Nawaombea kifo wanangu mwenyewe, jamani!

Ijumaa, 8 Machi — maabara

Wa kawaida wameota pande zote. Wangu — upande wa foili wamejaa tele, upande wa taa peupe! Hakuna hata mmoja!

Msimamizi kaingia, kaona ule upande mtupu, kafurahi. Si nilikwambia? Bila ya kwanza hawaoti!

Kwa hiyo unakubali, mwalimu, kwamba hawana ya kwanza? Na hawa waliojaa upande wa foili?

Kanyoosha mkono aichukue sahani aikague. Vaa glavu kwanza, nimemwambia. Yuko kabatini, anazitafuta.