Wifi Amelichafua Jina Langu Benki?

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada maana hapa nilipo hata uzi hauingii kwenye sindano, mimi ni fundi cherehani, na chumba kilicho kando ya duka langu kinabaki wazi mwisho wa mwezi nami nakitaka, mwenye nyumba kasema nikichelewa anampa muuza simu, basi nikaenda benki kuomba mkopo, afisa akatazama kompyuta yake akaniambia, "Mama, jina lako lina doa, kuna mkopo hukumaliza," foleni nzima inasikia, nikatoka kwa aibu bila hata kuuliza mkopo gani, na mimi sijakopa popote ila cherehani hii niliyoichukua dukani kwa awamu, nayo nilimaliza, awamu ya mwisho nilimpa mkusanyaji wao wa pesa mkononi, siku hiyo hakuwa na risiti lakini ni mtu tunayeheshimiana, ndipo nikakumbuka mwaka jana wifi yangu aliazima kitambulisho changu akasajili laini ya simu, na siku hizi watu hukopa kwa simu, nikajua ni yeye tu, nikamvaa Jumapili mbele ya ukoo mzima, akalia, akaapa, sasa mama mkwe haitikii salamu yangu na mume wangu anakula kimya kama mgeni, nataka nimpeleke wifi polisi, je, nakosea?

Fundi Niliyechafuliwa

Marahaba, fundi. Pole kwa aibu ya foleni, inauma. Lakini hebu niambie, wewe humkatia mteja kitambaa kabla ya kumpima? Mbona wifi umemkata bila kumpima?

Afisa alisema kuna mkopo. Ni wa nani, wa lini, wa kiasi gani, hukuuliza. Yote hayo yamo kwenye ripoti yako ya mikopo, na kuiona ni haki yako. Rudi benki, kichwa juu, uliza wameitoa kwa kampuni gani ya kumbukumbu za mikopo. Nenda huko na kitambulisho, omba nakala yako, na uulize kama ya kwanza ni bure. Kuisoma mwenyewe hakukuharibii jina. Kagua jina, namba ya kitambulisho, na kila mkopo, nani alitoa na umeandikwaje.

Na barua yako nimeirudia mara mbili. Mkusanyaji aliyepokea pesa bila risiti umempitisha hivihivi. Kwa vile yeye si wifi?

Deni likiwa la cherehani, libane duka likupe barua ya kumaliza, uipeleke kwenye kampuni ile. Likiwa si lako kabisa, pinga kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, uwasumbue mpaka warekebishe. Atakayekuambia anasafisha majina kwa ada, mkimbie. Mwenye nyumba mwombe muda leo, usingoje mwisho wa mwezi. Na kitambulisho, mama, hakiazimwi kama ufagio!

Polisi waache kwanza. Siku ya kuifungua ripoti, mkalishe wifi yako kando, msome pamoja. Akiwa na kosa, atalikuta hapo na wewe utajua pa kwenda. Asipokuwa nalo, iitishe Jumapili nyingine, ukoo uleule, na safari hii atakayesimama katikati ni wewe.