Gitau na Klachi Yangu Kwa Gate ya Wakwe

Debra, acha kila kitu usome hii.

Unajua leo tumepeleka mahari ya huyu ndugu yangu Gitau, huku Uthiru kwa kina Wairimu. Tumefika, wamama wamefunga gate kama kawaida, lazima tuimbe ndio watufungulie. Sisi wote tunaimba. Bwana harusi yeye ameenda kuchukua pikipiki yangu.

PIKIPIKI YANGU Debra. Ile ya kazi, ya kupelekea wateja chakula.

Ati awaonyeshe hao wamama vile anainua tairi ya mbele. Na hajui! Klachi unaachilia mara moja, mbele inaruka. Yeye ameishikilia nusu nusu, anavuta mafuta, piki inanguruma tu. Anarudia. Anarudia tena. Harufu ya kuungua ikashinda hata ya nyama inayochomwa huko ndani.

Nikamwambia, "Gitau, unachoma klachi!" Akanijibu mbele ya watu, "Wewe peleka watu chakula, hii ni mambo ya wanaume."

Ya wanaume!! Huyo?

Gate ikafunguliwa, vigelegele juu. Akaingiza gia aingie kama mfalme. Klachi imeisha! Injini inalia, piki haisongi hata kidogo. Ikabidi ashuke asukume, na suti.

Vigelegele vikakatika. Mamake Wairimu akamwangalia, akanigeukia. "Hii piki ni yako? Wewe ingia ule. Huyu afungiwe nje, aimbe upya peke yake."

Debra, nakuandikia nikiwa na sahani ya mbuzi kwa magoti.

Bado anaimba.