Redio Inayonyamaza Ikipata Moto

Tanga, Jumamosi, Mfungo Nne, 1956

Baba yangu,

Nimeapa kukueleza yote, hata yatakayokuudhi, maana nisipoyaeleza sitatulia. Tangu adhuhuri nainuka mkekani, naketi, nainuka tena, mpaka Mama ameniuliza kutoka chumbani kama nimekalia upupu. Yeye bado yumo edani, hajitokezi mbele ya wanaume. Kwa hiyo duka lako la redio kuukuu sasa analiangalia Ami Saidi, nami nampikia kahawa nikitoka shule.

Ami si mtu mbaya, Baba. Ulipotutoka, yeye mdogo wako ndiye aliyeshuka kaburini kukupokea. Lakini hana subira na redio. Wewe hukumwachia mnunuzi aondoke kabla ya kikombe cha pili. Redio huku inaimba, watu wanazungumza, halafu unaigeuza, unafungua mgongo wake. "Taa hii nimeibadilisha. Hapa pameingia kutu ya chumvi. Sifa zake utazisikia mwenyewe. Ila zake nitakutajia mimi." Nami nikiyaandika maneno yayo hayo kwenye kipande cha boksi, kwa herufi kubwa. Majirani walikucheka. Walisema unauza redio kama baba anayemwoza bintiye kwa kumtajia magonjwa.

Unaikumbuka ile ya betri, yenye kitambaa cha kahawia usoni? Ikipata moto hunyamaza, ikipoa hurudi. Ulitafuta sababu mpaka homa ikakulaza, hukuipata. Niliandika hivyo hivyo. Ami akakisoma kile kipande, akakichana taratibu.

"Andika: nzima, haina ila. Inaimba au haiimbi?"

Nikasema inaimba.

"Basi."

Sikuandika. Akasema msichana anayembishia ami yake huenda ameshasoma vya kutosha, na muhula ukiisha tutazungumza. Baba, sasa ni yeye atakayeamua kama nitarudi darasani.

Jana akaja Mzee Semhando, mkulima wa machungwa kutoka Maramba. Kwao umeme haujafika, alitaka ya betri. Mkewe haoni tena. Alisema anamtafutia mtu wa kuzungumza naye mchana, yeye akiwa shambani.

Ami akaiwasha. Ikaimba, Baba! Taarabu ya Unguja, udi na fidla kila kimoja mahali pake, mzee akawa anatikisa kichwa. Hapo hapo Ami akachukua kamba aifunge. "Gari la Maramba halingoji mtu, mzee wangu."

Nikatoka na birika. "Shikamoo, babu. Kwa Baba mgeni haondoki na kikombe kimoja."

Ami akabaki na kamba mkononi. Mzee akaketi. Sijapata kumimina kahawa polepole vile. Cha pili hakijafika nusu, redio ikakata katikati ya wimbo.

"Alaa! Bibi mwimbaji kameza inzi?" akasema mzee.

"Ni stesheni," Ami akajibu. "Mawingu ya Usambara haya."

Mzee akanigeukia. "Eti mjukuu wangu, ni stesheni?"

Nilimsikia Mama akikohoa nyuma ya pazia. Sikujua kikohozi kile kinaniambia sema au nyamaza, na mpaka sasa sijathubutu kumwuliza. Nikasema, "Ni redio, babu. Ikipata moto hunyamaza. Bibi kule nyumbani itabidi aingoje ipoe."

Nikammiminia tena, kahawa ikamwagika sahanini.

Mzee akacheka hata akafuta macho. "Basi kama mimi! Kunizoea kanizoea, lakini wawili sijui kama atatuweza. Ngoja nikamwulize mwenyewe." Akaondoka mikono mitupu. Ami akafunga duka kabla ya alasiri, na chakula cha usiku hakuja kula kwetu.

Leo asubuhi kaingia, kaiweka juu ya meza ile redio kubwa iliyotoka kwenye nyumba moja kule Raskazone, na kando yake kipande cha boksi kitupu. "Andika ulijualo," akasema, macho kayaelekeza mlangoni. Sijui kama ni hasira au ameridhia. Natamani iwe ameridhia. Mnunuzi anakuja kesho.

Lakini mimi siijui, Baba! Ilikuja ukiwa umeshaanza kuugua. Uliifungua, ukaitegea sikio, ukasema "Mmh," ukaifunga. Tangu asubuhi inaimba. Nimekunywa kahawa mpaka moyo unanidunda, nayo inaimba tu, wala haikosei.

Pumzika, Baba. Mola akupanulie kaburi lako na akutilie nuru. Mimi Zuhura wako nakuahidi sitaandika "haina ila" kwa kuwa tu sikuiona, hata ikiwa muhula huu ndio wangu wa mwisho. Ila nisaidie hili moja, unijibu mara tu uipatapo barua hii: siku ile ulisikia nini ndani yake?