Dividii ya Tisa

Chumba cha cherehani,
Nyumbani.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Ule mgongo uliokuwa ukiulalamikia umepoa? Wifi yangu na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua. Baba ni mzima, ila macho yamezidi kumwangusha. Sahani anaipapasa kwanza ndipo ale. Mimi nipo na sare zangu za shule, vidole vimeota sugu.

Sasa nisikuzungushe. Nimekasirika, na niliyemkasirikia ni wewe.

Unaikumbuka ile katuni ya Kijapani, ile anime ya bibi rubani, ambayo mama, Mungu amrehemu, alimtilia yule bibi sauti ya Kiswahili. Zile dividii kumi na mbili alizopewa na studio kazi ilipokwisha, tulizitazama utotoni mpaka tukawa tunasema naye. Mwaka jana ukapiga simu: "Dada, mnarundika takataka za nini? Yote yapo mtandaoni, tena picha safi kama kioo." Ukamfungulia baba na akaunti. Nami, kwa akili zangu timamu, nikazifunga kamba nikazitundika bustanini kufukuza ndege wanaodonoa mboga.

Kosa la kutundika ni langu, silikatai. Ndege wenyewe walizizoea ndani ya wiki mbili.

Juzi mama ametimiza miaka mitatu tangu atutoke. Baba akaomba nimwekee bibi rubani. Haoni, lakini anasikia. Nikamfungulia huko mtandaoni kwako.

Picha kweli ni safi. Lakini sauti zote wamezibadilisha! Bibi sasa ni msichana fulani anayesoma kama anatangaza mabasi stendi. Wimbo wa mwanzo wanauruka, na kile kipande anapomzika mbwa wake wamekikata. Huo mwendelezo mpya ndio usiseme: watu wamesimama tu kama nguo kwenye kamba, midomo ikifunguka. Wamelipua kazi, basi.

Baba hakufika huko kote. Alisikiliza kama dakika tano tu. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Nikamwambia, "Ni bibi rubani, baba."

"Siulizi hilo," akasema. Akaomba fimbo yake, akaenda kukaa uani peke yake. Iliniuma sana.

Nikazifungua zote kwenye kamba, nikazifuta kwa pindo la gauni, nikazijaribu moja moja kwenye deki. Jua na mvua vimezimaliza. Hakuna hata moja iliyosoma.

Zilikuwa kumi na moja. Ya tisa uliondoka nayo wewe, ukasema itakutoa upweke. Ndiyo ile mama anakohoa katikati ya maneno, na mwongozaji akaiacha hivyo hivyo. Itafute. Sitaki uniambie utaipandisha mtandaoni. Ifunge kwa nguo, umpe mtu anayekuja, mkono kwa mkono. Na kama uliitupa, usiniandikie mimi pole. Mwandikie baba, nami nitamsomea neno kwa neno.

Msalimie wifi. Wanangu waambie shangazi anawakumbuka. Fundi redio, jirani yetu, anakusalimu. Ameniazima deki yake mpaka utakapojibu. Mungu akutunze, akulainishie na huo mgongo.

Dada yako,
akupendaye hata akiwa amekununia.

Nyongeza: Baba ameuliza namwandikia nani, nikamwambia. Anasema kabla hujaituma, uisikilize kwanza, umwambie kama kile kikohozi bado kipo.