Vidakuzi Visivyokubali Kufutika

Mabibo, Dar es Salaam

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naulizia kwanza magoti yako, kama yameikubali baridi ya Njombe mwaka huu, na viazi kama vimetoka vizuri. Sisi huku tupo. Neema anakohoa kidogo kwa ajili ya vumbi, na mkweo Baba Neema anaendelea kufundisha. Mimi bado nawachapia wanafunzi wa hosteli kazi zao hapa nyumbani, kwenye ile kompyuta ya mezani. Kompyuta hiyo ndiyo imenikalisha niandike, maana kwa simu ningelia kabla sijamaliza salamu.

Ilianza na gauni. Nilikuwa namtafutia mwanafunzi kitabu mtandaoni, pembeni likatokea tangazo la gauni la harusi, jeupe, la mikono mirefu. Nikalipuuza. Kesho yake lilikuwepo tena, na pete juu yake. Mama, wewe ndiye uliyenizaa, unajua kwamba wivu sikufundishwa. Kompyuta hii tunaitumia watu wawili tu, na mimi nimeshaolewa. Sasa nani anatafuta gauni la harusi?

Nilimuuliza Baba Neema. Akasema matangazo hujileta yenyewe, kama wauza maji kwenye foleni, wala nisijisumbue. Nikamwambia panapofuka moshi pana moto. Akachukua madaftari yake ya kusahihisha akahamia barazani, na kule kuhama kwake nikakuhesabu kuwa ushahidi.

Binti mmoja wa hosteli ndiye aliyenieleza habari za vidakuzi. Huku mtandaoni kila ukurasa ukifunguka unakuuliza kama unakubali vidakuzi, na mimi siku zote nabonyeza kukubali ili kazi iende. Kumbe ni alama ndogo ambazo kila duka la mtandaoni linaziacha ndani ya kompyuta yako, zikumbuke ulichotazama, kisha ziwapashe wauzaji. Nikasema basi jina limewapata, hao ni wadaku kabisa. Nikavifuta vyote, si kwa sababu ya usafi, bali nione nani atavirudisha.

Vilirudi. Nikafuta tena, nikabadilisha na neno la siri la kompyuta ili Baba Neema asiweze kuifungua. Akaenda Temeke kwenye msiba wa mwalimu mwenzake, hakugusa kitu, na gauni likarudi likiwa limeongozana na suti ya kiume ya mtu mwenye tumbo. Baba Neema ni mwembamba, unamjua, lakini wivu haupimi kiuno cha mtu. Nilinuna, mama. Nilikuwa namwekea chakula mezani halafu nakwenda kukaa kwa jirani mpaka amalize kula. Neema akaanza kuniuliza kama baba yake anaumwa.

Mwisho nikaibeba kompyuta hadi Mwenge kwa fundi mmoja, mwanamke, wanamwita Sista Rehema. Aliiwasha, akaangalia kidogo tu.

"Sista, ishu sio vidakuzi," akaniambia. "Hata ukifuta mpaka kesho vitu vitarudi tu. Hii akaunti ya mumeo mnayotumia hapa iko wazi kwenye simu nyingine. Huko mtu anatafuta, huku nyie mnaletewa matangazo."

Nikamuuliza simu ya nani. Akasema hapo yeye hajui, nimuulize mwenyewe. Nilirudi na bajaji nimeipakata kompyuta kama mgonjwa, na njia nzima nilikuwa nampangia maneno mwanamke ambaye sijawahi kumwona.

Baba Neema nilimkuta anakunywa chai. Nikamwambia anitajie ile simu yake ya pili iko kwa nani, au nifunge mizigo nije Njombe. Hakubishana. Alifungua orodha ya kila kilichotafutwa kwenye akaunti yake, akanisogezea kiti, akasema nisome mwenyewe. Mstari wa juu ulikuwa hivi:

"Kamwene. Naomba kuuliza, mjane mtu mzima akifunga ndoa tena kanisani, anaruhusiwa kuvaa nyeupe?"

Ni nani mwingine, mama, anayeiamkia mashine kwa lugha ya kwetu kabla ya kuiuliza? Ndipo Baba Neema akakumbuka kwamba simu aliyokupa Krismasi hakuwahi kuiondolea akaunti yake. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshafika mstari wa chini yake:

"Asante sana. Na binti mwenye wivu anaambiwaje?"

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Mara ya kwanza nilijiambia nina uchungu kwa niaba ya marehemu baba. Si kweli. Ni wivu wangu mwenyewe. Naona wivu kwamba kuna mtu atakuwa anajua umeamkaje kabla sijapiga simu. Nimeionea wivu hata mashine, kwamba uliiuliza hiyo kabla ya kufikiria kuniuliza mimi.

Na nikwambie lingine. Tangu siku hiyo sikufuta kitu. Kila asubuhi nafungua nione umeuliza nini. Najua umeliacha lile jeupe, sasa unatazama la rangi ya maziwa. Najua huyo mzee atakayekuoa ana vidonda vya tumbo, maana umeuliza apikiwe nini. Baba alikuwa anakula chochote ulichopika.

Mkweo amenikanya, anasema huko ni kumvunjia mama heshima. Sista Rehema alishanionyesha pa kubonyeza ili simu yako itoke kwenye akaunti ya huku. Barua hii nampa binamu anayesafiri kesho, na nikishamkabidhi nitabonyeza. Baada ya hapo ukiwa na swali, niulize mimi. Sitajibu upesi kama mashine, na mengine nitayajibu kwa hasira, lakini niulize. Kuhusu gauni, la rangi ya maziwa litakupendeza. Kulisema kunaniuma.

Nisalimie shangazi, mwambie dawa aliyoagiza imo kwenye mfuko wa binamu. Msalimie mdogo wangu na mkewe, na yule mama jirani anayekuletea kuni. Neema anakuamkia, anauliza bibi atakuja lini.

Huyo mzee wako sijui nimsalimie kama nani, kwa hiyo kwa leo nimemruka. Mwambie kabla hajaenda kwa mchungaji, apite kaburini kwa baba apige hodi. Akikaribishwa, na mimi nitamwamkia.

Mwanao,
Tumaini, Mama Neema